Sifuri ya Namba Kumi na Nne

Alhamisi, tarehe sita Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, baridi kidogo.

Ndivyo alivyoandika Mama Zimataa kwenye daftari lake, juu ya meza ya jikoni, kabla chai haijachemka. Mwalimu wao wa masomo ya jioni aliwazoesha hivyo. Kipimo kisicho na tarehe na hali ya hewa, aliwaambia, ni uvumi tu. Darasa lilicheka, maana wengi wao walikuwa na wajukuu, na mmoja alikuja na mkongojo. Lakini yeye alilichukua neno lile kama amri. Huu ulikuwa mwaka wa saba na hakuwahi kuruka hata asubuhi moja, si siku ya mazishi ya dada yake, wala siku aliyopata matokeo ya kidato cha nne akiwa na miaka hamsini na mbili.

Chini ya tarehe aliandika watu wa kuwaombea. Alianza na mumewe, fundi mizani. Wakafuata watoto wao watatu waliokwisha kujitegemea. Kisha akaenda kazini: Daktari, mkuu wa maabara; Bi Hadubini, binti anayesomea shahada ya uzamivu, ambaye watu walisema ameolewa na hadubini kabla ya kuolewa na mtu; na mtunza stoo, ili Mungu ampunguzie mdomo. Na mwisho kabisa, kama kila siku, mstari usio na jina: Namba 14.

Namba 14 alikuwa mtoto. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, wala hawakuruhusiwa kujua. Mahali fulani alizaliwa mtoto ambaye moyo wake ulikuwa unapiga ovyo, na wazazi wake wakakubali kipande cha ngozi ya mkono wake, kisichozidi punje ya mchele, kipelekwe kwa watafiti. Ngozi ile ikalelewa, ikabembelezwa, ikageuzwa kuwa seli za moyo. Sasa seli hizo zilikuwa ndani ya visahani vitatu vya plastiki katika kabati la joto, na zilikuwa zinadunda. Siku Mama Zimataa alipozichungulia mara ya kwanza, akaziona zikidunda zenyewe, bila kifua, bila damu, bila mama, alivua miwani akalia.

"Mungu anatenda," alisema siku hiyo, "na sisi anaturuhusu tuchungulie."

Leo saa nne asubuhi Namba 14 angetupwa. Na mwenye kazi ya kumtupa alikuwa yeye.

Ndiyo maana sala ilimkwama. Alipiga magoti mara mbili, na mara mbili akainuka bila kusema kitu.

"Mwanafunzi," mumewe alisema akiwa mezani, bisibisi mkononi, mizani ya mwenye duka mmoja mbele yake, "mbona leo kimya? Umemeza ulimi?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka saa kumi na mbili asubuhi! Basi jua nalo likalale."

Hakucheka. Alimimina chai vikombe viwili akaliweka birika pembeni. Mumewe alilichukua birika tupu, akalipandisha juu ya mizani, akatazama namba, akaguna. Kisha akaligeuza chini juu. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa kupima: kila kilichoingia nyumbani mwake alikipima siku ileile na kukikwaruza uzito wake kwa msumari. Hata pete ya ndoa aliipima.

"Siku tulipolinunua, gramu mia saba arobaini na mbili. Sasa mia nane sitini na moja."

"Mizani yako mbovu."

"Nini?" Aliweka bisibisi chini kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Alitoa jiwe lake la shaba la kilo moja kutoka kwenye kitambaa, akaliweka juu ya sahani ya mizani. Kilo moja kamili, bila hata nukta. "Umeona? Mizani haina kosa. Birika ndilo limenenepa. Limemuiga mwenyewe." Akajipiga kitambi. "Chungulia ndani uone linachokula."

Mama Zimataa alichungulia. Ndani, kuanzia kitako hadi nusu ya ukuta, birika lilikuwa limeshika ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai.

"Chokaa ya maji ya bomba," alisema mumewe. "Tunachemsha, mvuke unakwenda zake, chokaa inabaki. Tunasema birika tupu, kumbe lina mzigo wake. Ndiyo maana mimi sipimi kitu kabla ya kuangalia sahani tupu. Sahani tupu ikidanganya, hata malaika akipanda juu yake atashuka na uzito wa uongo."

Aliukwaruza ukoko kwa ukucha. Chokaa. Na chokaa ni nini, kama si kalsiamu?

"Mke wangu, vipi?"

"Hakuna," alisema. Akaweka birika chini. "Lipo jambo. Lakini acha kwanza niende."

Aliondoka bila mwavuli.

*

Kazi yao pale maabara ilikuwa kupima kalsiamu ndani ya seli zilizo hai. Mama Zimataa alipoambiwa hivyo siku ya kwanza aliuliza wanaipimaje bila kuiua seli, na Daktari akasema hilo ndilo swali bora aliloulizwa mwaka ule.

Wanatumia rangi. Si rangi ya ukutani. Ni unga kidogo, wa kukaa kwenye ncha ya kijiti, ambao ukiyeyushwa huingia ndani ya seli na kujifungia humo. Seli ikimulikwa kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, rangi hung'aa. Wao humulika kwa mianga miwili, kwa zamu, haraka kuliko kupepesa jicho. Kalsiamu ikiwa nyingi, mng'ao mmoja hupanda na mwingine hushuka, na kwa kulinganisha hiyo miwili kompyuta hujua kiasi kilichomo. Katika seli ya moyo, kalsiamu hupanda kwa kila pigo na kushuka kabla ya pigo jingine. Moyo usiojua kuishusha ndio unaopiga ovyo.

Rangi ile huharibika kwa mwanga wa kawaida. Kwa hiyo mama huyu, aliyepiga deki jengo lilelile miaka kumi na tisa kabla hajavaa koti jeupe, alikuwa anapita kila chumba akizima taa na kushusha mapazia, hadi watu wakambatiza jina. Mtunza stoo alidai kwamba siku moja alimkuta akijaribu kuzima jua.

Lakini mng'ao peke yake hausemi kitu. Lazima uwe na ncha mbili za kuulinganishia: kilele, yaani mng'ao wa rangi iliyoshiba kalsiamu, na sifuri, mng'ao wa rangi isiyo na kalsiamu hata chembe. Kwa ajili ya sifuri kuna maji maalumu yaliyotiwa dawa kidogo ya kukamata kalsiamu iliyopotea njia. Chupa hiyo ilikuwa kazi ya Mama Zimataa. Aliandika juu yake SIFURI kwa herufi kubwa, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mtu mzima.

Kwa wiki tatu sasa, Namba 14 alikuwa anatoa majibu ya ajabu. Katikati ya pigo na pigo, kalsiamu ya seli zake ilisomeka chini ya sifuri. Chini ya sifuri! Kama mtu kukuambia mfukoni ana maembe matatu pungufu ya hakuna. Daktari alikagua taa, akakagua kompyuta, akakagua rangi. Alipekua daftari la maabara na kukuta kila myeyusho umetiwa tiki mahali pake. Mwishoni alisema seli zenyewe zimeharibika, zimeikataa rangi, na kabati la joto linahitajika kwa kazi nyingine. Alhamisi saa nne, zitupwe.

Mama Zimataa alitembea kwenye manyunyu na wiki hizo tatu zikatembea naye. Aliikumbuka vizuri siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne. Mashine ya kusafisha maji ilikuwa imewasha taa nyekundu, chujio lake jipya halijafika. Daktari na Bi Hadubini walikuwa mkutanoni, na chupa ya SIFURI ilitakiwa kabla ya saa sita. Akafanya ambalo mama yeyote angefanya kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Alichukua maji ya bomba, akayachemsha kwenye birika la chumba cha chai, yakatokota dakika kumi kamili, akayapooza, akayachuja kwa karatasi. Aliyaombea. Aliwalea watoto watatu kwa maji ya kuchemsha na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Kuna maji gani masafi kuliko hayo?

Kwenye daftari la maabara kulikuwa na kisanduku kimoja tu: maji ya mashine. Alisita na kalamu. Kisha akatia tiki, akajiambia atamwambia Daktari wakirudi. Walirudi wamechoka, wanabishana. Jioni chujio jipya likafika. Kesho yake jambo lilionekana dogo mno, na keshokutwa akawa amelisahau.

Moto huua vijidudu. Hauondoi kalsiamu. Jambo hilo alilijua, maana lilikuwa katika somo la nne na alipata alama zote. Lakini kichwa kilichosoma somo la nne na mikono iliyochemsha maji miaka arobaini, siku ile havikusalimiana.

Na katika mkoba wake kulikuwa na fomu. Karatasi moja tu, ambayo Daktari alitakiwa kuisaini kabla ya kesho mchana ili Mama Zimataa apewe cheti cha ufundi wa maabara pamoja na wenzake. Sentensi aliijua kwa moyo: *Kwa miezi mitatu mfululizo ameandaa miyeyusho na kuweka kumbukumbu za kweli.*

*

Alifika wa kwanza. Alining'iniza koti lake lililolowa, akaosha chupa mpya ya plastiki kwa maji ya mashine mara tano, akatengeneza SIFURI upya, taratibu, midomo ikichezacheza. Hakuwa anaomba msamaha bado. Alikuwa anahesabu.

Alipomaliza, akawa na chupa mbili mbele yake, zinafanana kama mapacha. Hapo ndipo shetani alipokuja, na hakuja na mapembe. Alikuja na wazo la busara.

Mwaga ya zamani, lilisema wazo. Weka hii mahali pake. Kisha mwambie binti, "Mwanangu, tupime mara ya mwisho kabla hatujatupa." Namba zitatoka nzuri. Namba 14 atapona mbele ya macho yao. Fomu itasainiwa. Nani ameumia?

Aliishika chupa ya zamani kwa shingo. Sinki lilikuwa hatua mbili tu.

Mlango ukafunguliwa, Bi Hadubini akaingia, macho mekundu, ameshikilia mwavuli uliogeuka ndani nje.

"Shikamoo mama. Umewahi."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekupiga?"

"Mvua, mwavuli, dunia." Alijitupa juu ya kiti. "Mama, nimeota seli zinadunda. Unajua leo ni siku ya ishirini na moja? Tangu tuanze kuzipa ile dawa mpya ya kushusha kalsiamu. Nilisema kwenye andiko langu dawa itachukua wiki tatu. Zingenipa namba moja tu nzuri leo, moja tu, ningesema dawa imefanya kazi. Ningeandika. Ningeipigania mbele ya watu wote." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini ndiyo hivyo."

Mama Zimataa aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake.

Kumbe hivyo. Akibadilisha chupa kimyakimya, namba zitageuka nzuri leo, na binti huyu ataamini ni dawa. Ataandika ni dawa. Mtu mwingine atasoma. Siku moja, mahali fulani, daktari mwenye nia njema atampa mtoto dawa hiyo kwa sababu kikongwe mmoja aliogopa kukosa karatasi. Na mtoto mwenyewe anaweza kuwa yuleyule anayemwombea kila asubuhi kwenye mstari wa mwisho.

Chupa ya zamani aliirudisha mezani. Ilitua kwa kishindo kidogo.

"Mwanangu," alisema, "kamwite Daktari. Na usitupe kitu."

*

Ulikuwepo utaratibu pale maabara, Daktari mwenyewe aliuanzisha: aliyekosea husema akiwa amesimama, mbele ya waliopo, na aliyekaa hamkatizi. Hakuna anayekemewa kabla hajamaliza. Watu waliuita *kusimama*. Bi Hadubini alishasimama mara tatu. Mtunza stoo alishasimama mara nyingi kiasi cha kusema atapewa kiti chake cha kusimamia. Mama Zimataa hakuwahi kusimama hata siku moja, na aliona fahari juu ya hilo, fahari ambayo hakuwahi kuiombea toba.

Daktari aliingia na koti likiwa halijafungwa vifungo. Nyuma yake mtunza stoo, mikononi dumu la dawa ya klorini ya kumwagia visahani.

"Shemeji," alisema mtunza stoo, maana yeye na fundi mizani walikuwa marafiki wa siku nyingi, "nimekuletea risasi. Tupige wapi?"

"Weka chini hilo dumu," alisema Mama Zimataa. "Leo nasimama."

Mzaha ulimtoka mtunza stoo usoni kama moshi wa mshumaa. Aliweka dumu. Wote watatu wakakaa.

Akasema. Hakupamba. Jumanne ile, taa nyekundu, birika, dakika kumi, karatasi ya kuchujia. Aliposema juu ya tiki, sauti ilikatika, akaendelea. Akamtaja na shetani wa asubuhi hiyo na hatua mbili za kufika sinki. Hakuna aliyemlazimisha kusema hilo la mwisho, lakini aliona nusu ya ukweli ni kama birika la mumewe: kwa nje linang'aa. Mwisho akasema, "Nimemaliza," na akabaki amesimama.

Kwenye dirisha manyunyu yalikuwa yanaandika na kufuta.

"Mama," alisema Daktari polepole, "ulichemsha?"

"Nilichemsha."

"Dakika kumi?"

"Kwa saa."

Daktari alifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Mama Zimataa alidhani analia, hadi aliposikia kicheko, kicheko cha mtu aliyezuiwa kulala wiki tatu. Kikakatika ghafla kama kilivyoanza.

"Nimefungua taa ya hadubini mara mbili," alisema. "Nimeituma rangi irudishwe. Nimegombana na watu wa kompyuta. Na jawabu lilikuwa chumba cha chai." Alisimama. "Haya. Tusiseme jawabu kabla hatujalipima. Zimeni taa."

"Nani azime taa?" aliuliza mtunza stoo. "Mwenye jina yupo."

Ikabidi Mama Zimataa azime.

Gizani, Bi Hadubini aliweka tone la chupa ya zamani kwenye kioo kimoja na tone la chupa mpya kwenye kioo kingine, bila seli yoyote, akatia rangi katika yote mawili. Aliliweka kwanza tone jipya chini ya hadubini. Skrini ilionyesha mianga miwili: mmoja hafifu, mwingine mkali, vile inavyotakiwa rangi isipokuwa na kitu cha kushika. Sifuri ya kweli. Akaondoa, akaweka la zamani.

Mng'ao uliotakiwa kuwa hafifu ulipanda. Ukapanda zaidi. Ule mkali ukafifia. Tone lisilo na seli, lisilo na moyo, lisilo na chochote, lilikuwa linang'aa limeshiba chokaa ya bomba.

"Subhanallah," alinong'ona mtunza stoo. "Shemeji, umeweka kalsiamu ya kujengea nyumba."

"Nyamaza wewe," alisema Daktari, lakini hakukasirika. Alikuwa ameshamgeukia Bi Hadubini. "Picha zote za wiki tatu zipo?"

"Zipo. Kila pigo."

"Basi seli hazikusema uongo. Sisi ndio tulizipimia kwenye mizani mbovu. Weka sifuri mpya, irudie hesabu. Anza na siku ya kwanza."

Vidole vya binti vilikimbia. Mistari ya zamani ikafutika. Mipya ikaanza kuchorwa, siku ya kwanza, ya pili, ya saba, na hakuna hata mmoja uliozama chini ya sifuri. Kalsiamu ilipanda, ikashuka, ilipanda, ikashuka. Siku za mwanzo ilishuka kwa uzito, inaburuta miguu. Ya kumi na tano ilikuwa imenyooka kidogo. Ya jana pia, kidogo tu.

"Dawa?" aliuliza Bi Hadubini kwa sauti ndogo.

"Labda," alisema Daktari. "Labda ni labda. Utapima tena, na wiki ijayo tena. Lakini hii labda ni ya kweli."

Binti aliruka kwenye kiti, akamkumbatia Mama Zimataa kwa nguvu hadi miwani ikapinda. "Mama! Mama umenirudishia!"

"Nilikuchukulia kwanza," alisema Mama Zimataa. "Usisahau hilo, mwanangu."

Walitoa kisahani kimoja kwenye kabati la joto, wakakiweka chini ya hadubini ili wapime cha leo. Hapo gizani, kwenye skrini, Namba 14 aling'aa na kufifia, aling'aa na kufifia, kama mtu anayepumua usingizini. Wakatazama wote wanne. Sala iliyomkwama tangu alfajiri ikamtoka Mama Zimataa yenyewe, na ilikuwa na neno moja: *Asante.*

*

Fomu aliitoa mwenyewe. Aliilaza juu ya meza mbele ya Daktari, akainyoosha mkunjo kwa kiganja.

Daktari aliisoma. Alikuwa mdogo kwa Mama Zimataa kwa miaka kumi na saba, na wakati mwingine, kama sasa, ilionekana.

"Kumbukumbu za kweli, miezi mitatu mfululizo," alisoma. "Mama, nikisaini leo nitakuwa nimetia tiki."

"Najua. Sijakuletea usaini. Nimekuletea uirudishe bila saini."

"Wenzako watapokea vyeti wiki ijayo. Umeshashona nguo."

"Nguo haiozi."

"Lakini Daktari!" Bi Hadubini aliingilia. "Amesema mwenyewe! Angenyamaza nani angejua?"

"Ndiyo maana nitasaini," alisema Daktari. "Miezi mitatu kuanzia leo. Tarehe sita Februari, asubuhi, kabla sijavua koti la mvua. Si kwa huruma. Mtu wa kutengeneza sifuri naweza kumfundisha kwa siku moja. Mtu wa kusema *nimeiharibu* simpati kwa tangazo." Kalamu yake ilikuwa mkononi. "Ila sitaki ahadi ya kunong'ona. Umesimama kusema kosa, simama useme na hili. Mashahidi wapo."

"Mimi shahidi," alisema mtunza stoo, akavua kofia, na safari hii hakuwa na mzaha. "Na nitamwambia fundi mizani, usidhani utatoroka."

"Na mimi," alisema Bi Hadubini.

Mama Zimataa alisimama. Aliziweka chupa zote mbili mbele yake, ya zamani na mpya. Ile ya zamani alikuwa ameshaiomba aende nayo nyumbani, mumewe aipime na kuikwaruzia uzito wake kwa msumari, iwe ukumbusho. Alitazama skrini, ambako yule mtoto wasiyemjua jina alikuwa bado anang'aa na kufifia, na akamtia naye katika hesabu ya mashahidi.

"Mbele za Mungu na mbele yenu," alisema, na sauti haikukatika, "naahidi. Chupa yoyote nitakayoiandika sifuri, nitaipima kwanza kwa macho yangu, hata kama nimeichemsha, hata kama nimeiombea. Sitatia tiki mahali ambapo mkono wangu haukufika. Na siku nitakayokosea, maana nitakosea, mtalisikia kutoka kinywani mwangu siku hiyohiyo, kabla chai haijapoa."